Sura ya Nchi katika Michezo ya Kujenga Miji: Mfano wa Uwanda wa Ufipa

Miongoni mwa michezo ichezwayo kwa kompyuta iko aina moja ambayo mchezaji hapigani na adui wala hashindani mbio, bali hupewa kipande cha nchi na fedha kidogo akatakiwa ajenge mji. Hutandaza barabara, hugawa viwanja vya nyumba, maduka na viwanda, huvuta maji na umeme, hutoza kodi, kisha hungoja kuona kama watu watakuja kukaa. Mchezo uliofungua njia hii ni SimCity, uliotungwa na Mmarekani Will Wright na kutolewa mwaka 1989. Ulifuatwa na SimCity 2000 mwaka 1993 na SimCity 4 mwaka 2003. Mwaka 2015 ulitokea Cities: Skylines, kazi ya kampuni ya Colossal Order ya Finland, ambao toleo lake la pili lilitoka Oktoba 2023.

Yaliyoandikwa juu ya michezo hii kwa kawaida huutazama mji wenyewe: kodi zake, msongamano wa magari yake, na maoni ya watungaji wake juu ya serikali. Makala hii yahusu kilicho chini ya mji, yaani sura ya nchi na ramani iichukuayo. Hoja yake ni kwamba ramani ya mchezo si sakafu tu ya kuwekea nyumba. Ni kauli kamili juu ya nchi, kwa kuwa yasema ni kitu gani kipo, ni kitu gani chaweza kugeuzwa, na ni kitu gani hakijawahi kuwapo. Kwa sababu hiyo atakaye kuieleza ramani hiyo kwa Kiswahili hawezi kufasiri neno kwa neno. Sharti kwanza ajue ramani imefanywaje, kisha achague katika maneno ambayo Kiswahili kinayo tayari, na baadhi ya maneno hayo yasema mengi kuliko ramani yenyewe. Mfano utakaotumika ni nchi iliyo kandokando ya Pito, mojawapo ya kata za Manispaa ya Sumbawanga, juu ya Uwanda wa Ufipa katika Mkoa wa Rukwa.

Chimbuko la mchezo ni ramani

Yafaa kukumbuka ya kwamba mchezo huu haukuanza na mji, bali ulianza na ramani. Mwaka 1984 Wright alitoa mchezo mwingine, Raid on Bungeling Bay, ambao mchezaji aliendesha helikopta na kuangusha mabomu juu ya visiwa vyenye viwanda. Ili avichore visiwa hivyo alijitengenezea programu ya kuchorea nchi kavu, bahari, barabara na majengo. Na baadaye alieleza ya kuwa kazi hiyo ya kuchora ilimfurahisha kuliko kule kubomoa. Programu ile ndiyo iliyozaa SimCity. Alipotaka visiwa vyake viwe na uhai alisoma, pamoja na mambo mengine, kitabu cha Jay Forrester kiitwacho Urban Dynamics, kilichotolewa mwaka 1969, ambacho huonyesha kwa hesabu jinsi mji ukuavyo na uchakaavyo. Lakini mji wa Forrester hauna mahali: hakuna mto, hakuna kilima, hakuna kitu kilicho mbali wala karibu na kingine. Kazi kubwa ya Wright ilikuwa kuzioanisha hesabu hizo na ramani.

Nchi ya SimCity ya kwanza ilikuwa na miraba 120 kwa 100. Kabla ya kujengwa, kila mraba ulikuwa wa namna moja kati ya tatu, yaani udongo, maji au miti, na nchi yote ilikuwa ya kimo kimoja. Mwaka huo huo wa 1989 kampuni ya Bullfrog ya Uingereza ilitoa mchezo uitwao Populous, ambao kazi ya mchezaji ilikuwa kuinua na kushusha ardhi ili watu wake wapate mahali tambarare pa kujenga. Basi mambo mawili yalionekana kwa mara moja: katika SimCity nchi ilikuwa mpaka wa kazi ya mjenzi, na katika Populous nchi ilikuwa mali ghafi ya kazi hiyo. SimCity 2000 iliyaunganisha mambo hayo mawili. Ilileta vilima na miteremko, ikampa mchezaji uwezo wa kuisawazisha nchi, ikamtoza fedha kwa kila alichochonga. SimCity 4 iliongeza jimbo lenye ramani nyingi zilizopakana, hata mji mmoja ukaweza kumtegemea jirani yake.

Njia mbili za kupata nchi

Nchi ya mchezo hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuibuni kwa hesabu. Mwaka 1982 Alain Fournier, Don Fussell na Loren Carpenter walieleza namna ya kuugawa mstari katikati, kuisogeza nukta ya kati juu au chini kwa bahati, na kurudia hivyo hivyo kwa vipande vidogo zaidi mpaka itokee sura ya mlima. Mwaka 1985 Ken Perlin alichapisha njia yake ya kuzilainisha namba za bahati ili zifanye mawimbi yasiyo na mpango unaoonekana, na njia hiyo imetumika sana katika kuumba nchi za michezo. Namba ya kwanza ambayo hesabu yote huanzia huitwa mbegu: mbegu ile ile huotesha nchi ile ile kila mara ipandwapo, na mbegu nyingine huotesha nchi nyingine.

Nchi ya namna hii ina upungufu mmoja ambao mtaalamu wa jiografia huutambua upesi. Vilima vyake na mashimo yake vimetawanyika kwa kadiri moja kila mahali, na mabonde yake hayakutani. Katika nchi ya kweli maji ndiyo yaliyochonga bonde, na kwa hiyo kijito huingia mto, na mto huingia ziwa au bahari. Nchi iliyobuniwa kwa namba peke yake haina historia ya maji, mpaka mtungaji aongeze hesabu nyingine ya mvua na mmomonyoko.

Njia ya pili ni kuichukua nchi ya kweli kutoka katika vipimo. Mwezi wa Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kiliizunguka dunia kwa muda wa siku 11, kikapima kwa rada vimo vya sehemu kubwa ya nchi kavu, yapata asilimia 80. Vipimo vya kila mita 30 hivi viliruhusiwa kutumiwa na watu wote kwa Afrika mwaka 2014. Tangu hapo mtu yeyote mwenye kompyuta aweza kulichukua eneo lolote la Afrika ya Mashariki na kulifanya uwanja wa mchezo.

Kinachoingizwa katika mchezo ni picha ya rangi ya kijivu, ambayo yaweza kuitwa ramani ya vimo. Nukta nyeusi ndiyo ya chini kabisa na nukta nyeupe ndiyo ya juu kabisa. Zilizobaki ni daraja za kati. Picha ya kawaida ina daraja 256 tu. Ikiwa tofauti ya vimo katika nchi ni mita 1,600, kila daraja litakuwa na zaidi ya mita sita, na mteremko utaonekana kama ngazi. Kwa sababu hiyo Cities: Skylines hutaka picha yenye daraja 65,536. Jambo la kuangaliwa zaidi ni kwamba kila nukta ina kimo kimoja, wala haiwezi kuwa na viwili. Ramani ya namna hiyo haiwezi kuwa na pango, wala mwamba unaoning'inia, wala ukuta uliosimama wima.

Ufipa ndani ya ramani

Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya maziwa mawili katika mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa. Upande wa magharibi liko Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki liko Ziwa Rukwa, kiasi cha mita 800. Juu ya uwanda, Sumbawanga na kata zake ziko zaidi ya mita 1,700, na milima ya Mbizi iliyo karibu na mji hupita mita 2,400. Kutoka vilele vya Mbizi mpaka kwenye Ziwa Rukwa nchi hushuka kwa mita 1,600 hivi, na sehemu kubwa ya mshuko huo iko katika genge moja refu liangaliayo bonde.

Mtu akitaka kuitia nchi hii katika Cities: Skylines ya mwaka 2015 atakutana mara moja na mipaka ya chombo. Ramani yake ina nukta 1,081 kila upande, na kati ya nukta na nukta ni mita 16, hata upande mzima ukawa kilomita 17.28. Kimo chake hakipiti mita 1,024. Basi mita 1,600 za Ufipa haziingii, na mtungaji wa ramani hana budi kuchagua moja kati ya mambo mawili.

Aweza kuibana nchi, kila mita 100 ikawa mita 64. Akifanya hivyo miteremko yote hulegea, na barabara ambayo kwa kweli lazima izunguke-zunguke ili ishuke bondeni yaweza kupita karibu moja kwa moja. Au aweza kuikata nchi, akachukua sehemu ya juu peke yake. Vimo vitakuwa sahihi, lakini genge litaondoka, na kilichobaki kitakuwa nchi ya vilima vya wastani ambayo yaweza kuwa popote. Hapa tendo la kuchora ramani lafunua maana ya neno. Uwanda ni mahali wazi palipo tambarare; lakini uwanda wa juu hauwezi kujulikana kuwa wa juu pasipo kuonekana ukingo wake. Atakayeukata ukingo ameliondoa neno "juu" katika jina.

Toleo la mwaka 2023 lina nafasi zaidi. Sehemu ya kujengwa ina upande wa kilomita 14.336, nayo imezungukwa na nchi ya kutazamwa tu, hata upande wote ukafika kilomita 57.344, na kimo chaweza kufika mita 4,096. Pito ikiwekwa katikati, genge la upande wa Rukwa laweza kuingia pasipo kubanwa, ingawa Ziwa Tanganyika litabaki nje. Lakini tatizo jingine latokea. Nukta za mchezo katika sehemu ya kujengwa ziko mita 3.5 tu kutoka moja hata nyingine, na vipimo vya mwaka 2000 viko mita 30. Maana yake ni kwamba kwa kila nukta iliyopimwa, nukta saba au nane zifuatazo katika mstari zimejazwa kwa makisio. Ramani yaonekana kujua zaidi ya aliyepima.

Vipimo vyenyewe navyo vina mambo ya kuangaliwa. Rada hukutana na majani ya miti kabla ya kuufikia udongo, na kwa hiyo mahali penye msitu mnene kama Mbizi nchi huonekana imeinuka kuliko ilivyo. Rada haioni chini ya maji. Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake hufika mita 1,470, huonekana kama sahani bapa, na mwenye kuchora sharti alichimbe ziwa mwenyewe kwa kufuata vipimo vingine. Ziwa Rukwa huleta shida ya namna nyingine. Ni ziwa la maji machache lisilo na mto utokao, na uso wake hupanda na kushuka kwa kadiri ya mvua za miaka, hata ufuko wake ukahama mbali. Ramani ya mchezo hutaka ufuko mmoja. Rukwa ina mwingi.

Mfano wa mwisho ni maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, upande wa kusini magharibi wa uwanda. Hapo mto huanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja. Katika ramani ya nukta za mita 16 mwanguko huo hauwezi kuwa wima. Utakuwa mteremko mkali sana baina ya nukta mbili jirani, na maji yatauteleza badala ya kuanguka.

Maji na rutuba

Katika michezo ya kwanza maji yalikuwa miraba ya buluu isiyokwenda popote. Katika Cities: Skylines maji hutiririka. Mchoraji wa ramani huweka chanzo, huamua kiasi cha maji yatokayo, na kutoka hapo maji hufuata mteremko yenyewe. Mchezaji akijenga bwawa bonde hujaa, na akikosea hesabu mji hufurika. Somo ambalo wachezaji wengi hujifunza kwa hasara ni kwamba bomba la maji machafu lisiwekwe juu ya mkondo kuliko pampu ya maji ya kunywa. Hapa mchezo unasema kweli, na kweli hiyo ina maana kwa Sumbawanga, kwa kuwa msitu wa Mbizi ulio juu ya mji ni chimbuko la maji yanywewayo mjini. Ni nadra kupata chombo kingine kiwezacho kumwonyesha kijana kwa saa moja ya kwamba tendo lililofanyika juu ya mlima hulipwa na walio chini.

Katika jambo la rutuba mchezo hausemi kweli hiyo. Mchoraji wa ramani hupaka juu ya nchi rangi za mali nne: ardhi yenye rutuba, msitu, madini na mafuta. Rutuba basi ni kitu kilichokuwapo tangu mwanzo; mchezaji huikuta au huikosa. Wakulima wa Ufipa wameiona rutuba kwa namna tofauti. Kwa muda mrefu wamekuwa wakilima kwa matuta ya mviringo yaitwayo intumba: majani hukatwa kwa jembe wakati wa mvua, hufunikwa kwa udongo yakaachwa yaoze, na juu ya tuta huweza kupandwa maharage, msimu ufuatao tuta hubomolewa, na udongo wake husambazwa ili ipandwe mbegu ya ulezi au nafaka nyingine. Kwa njia hiyo nyasi za uwanda, ambazo katika ramani ya mchezo zingekuwa mahali pasipo rangi yoyote, ndizo zinazoleta rutuba. Rutuba ya Ufipa ni kazi ya mikono, wala haiwezi kupakwa kabla mkulima hajafika.

Swali la nchi tupu

Hilo laleta jambo lililo zito kuliko yote. Karibu michezo yote ya aina hii huanza na nchi isiyo na mtu. Hakuna kijiji, hakuna njia ya miguu, hakuna kaburi. Iko barabara kuu moja tu iingiayo kutoka nje ya ramani. Kwa mtungaji hilo ni jambo la urahisi, maana kama watu wangalikuwapo ingekuwa lazima mchezaji azungumze nao. Lakini mwenye kufasiri hapana budi aulizwe: nchi hiyo iitweje?

Kiswahili hakina neno moja la nchi tupu. Kina pori, yaani mahali pasipolimwa wala kukaliwa. Kina nyika, yaani nchi wazi ya majani na miti michache. Kina mahame, yaani mahali watu walipohama, na ganjo, yaani mahali palipokuwa na nyumba au kijiji. Maneno mawili ya kwanza hueleza hali ya nchi ilivyo. Mawili ya pili hueleza yaliyotendeka. Mtu asimamaye mahali aweza kuona majani yale yale katika pori na katika mahame, lakini msemaji wa Kiswahili hawezi kuviita kwa jina moja pasipo kusema uongo. Ramani ya vimo haiwezi kuitambua tofauti hiyo, kwa sababu rada hupima kimo wala haipimi historia.

Katika Ufipa tofauti hiyo ni kubwa. Kando ya mto Kalambo, upande wa Zambia, ndipo J. Desmond Clark alipoanza kuchimbua mabaki ya kale katika miaka ya 1950. Mwaka 2023 wanazuoni walitangaza ya kuwa hapo yamepatikana magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine, na umri wake si chini ya miaka 476,000. Ndiyo kazi ya kale kuliko zote zijulikanazo ya kuunganisha mbao, nayo ilifanywa kabla ya binadamu wa sasa kutokea. Karibu zaidi na wakati huu, Wafipa walifua chuma katika tanuri ndefu za udongo ziitwazo malungu, na kazi hiyo iliendelea hata karne ya 20. Mabaki ya tanuri hizo yamesimama mahali pengi juu ya uwanda. Milanzi, ambayo siku hizi ni kata jirani ndani ya manispaa hiyo hiyo, ni jina la makao ya kale ya watawala wa Ufipa. Hata jina la Sumbawanga, lifasiriwalo kuwa ni kutupa uchawi, lina maana ya kwamba waliolitoa walikuwa na habari ya kusimulia. Katika ramani ya mchezo mambo haya yote ni majani.

Wala jambo hili si la michezo tu. Mwaka 1973 serikali ya Tanzania iliagiza watu wote wa mashambani wakae katika vijiji, na mwisho wa mwaka 1976 ukawekwa kuwa kikomo. Mahali pengi nchini vijiji vipya vilipangwa kwa mistari kando ya barabara, na waliohamishwa waliacha nyuma yao mashamba, visima na makaburi. Kila mahali palipoachwa pakawa mahame, ingawa juu ya karatasi ya mpimaji palionekana kuwa nchi ambayo haijatumika. Mchezo wa kujenga mji hufundisha mkono na jicho tabia ile ile ya karatasi, na huifundisha kwa furaha.

Iko mifano ya kuonyesha ya kuwa chombo hicho hicho chaweza kutumiwa kwa namna nyingine. Tangu mwaka 2012 Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, limeshirikiana na kampuni ya Mojang ya Sweden, watungaji wa mchezo wa Minecraft, katika mpango uitwao Block by Block. Mahali pa umma papasapo kutengenezwa huchorwa kwanza katika mchezo kama palivyo, kisha wakazi wenyewe huketi mbele ya kompyuta wakaonyesha watakavyo. Kibera, katika jiji la Nairobi, palikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza pa kujaribiwa. Katika Dar es Salaam mpango wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwachukua wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa wakachora nyumba, njia na mitaro ya kata zipatwazo na mafuriko. Katika mipango hii miwili ramani huanza na kilichopo, na mwenye kukijua ni mkazi.

Juu ya maneno

Kutokana na hayo yaliyotangulia yafaa kusema machache juu ya msamiati. Jina la jumla la jambo lote lipo tangu zamani katika vitabu vya shule, nalo ni sura ya nchi. Kwa kipimo cha wima ni vema kutenga maneno matatu: mwinuko kwa kadiri ya mahali juu ya usawa wa bahari, kimo kwa urefu wa kitu au nukta ndani ya ramani, na kina kwa maji. Ramani ya vimo na mbegu ni maneno yaeleweka pasipo maelezo marefu.

Baadhi ya maneno yana mtego. Genge ni neno sahihi kwa ukuta wa mwamba, lakini mkazi wa mjini akilisikia hufikiri kwanza mahali pa kuuzia mboga; kwa hiyo katika maelezo ya mchezo litumike pamoja na neno la kulisaidia, kama genge la mlima au genge la bonde. Mbuga zamani ilikuwa hasa nchi tambarare ya majani ishikayo maji wakati wa mvua. Siku hizi wengi hudhani ni hifadhi ya wanyama. Maana ya kwanza yafaa kurudishwa katika ramani, kwa sababu mjenzi apaswa kujua ni wapi maji yatasimama. Tingatinga lina mtego mkubwa zaidi: ni ardhi ya majimaji ititiayo chini ya miguu, na pia ni mashine ya kusukumia udongo. Katika mchezo wa kujenga mji vitu hivyo viwili huonekana katika kioo kimoja, kimoja kikitumwa kukiondoa kingine. Kwa ardhi yafaa kuchaguliwa kinamasi, na tingatinga liachiwe mashine.

Kwa vitendo, Kiswahili cha kazi kinajitosheleza. Mtu huchonga barabara, husawazisha kiwanja, hufukia shimo, huchimba mfereji, hujaza kifusi. Maneno haya yote hutumika kila siku katika Sumbawanga na kwingineko, wala hapana haja ya kubuni mengine. Kinachotakiwa ni kuyatunza yasichanganyike, maana kusawazisha nchi na kuifukia ni kazi mbili, na mchezo huzitoza kwa bei mbalimbali.

Na kwa ile nchi ambayo mchezaji huikuta mwanzoni, neno tupu lisitumike. Hata nchi isiyojengwa ni afadhali, kwa kuwa husema tu jambo linaloonekana. Mchoraji ajuaye mahali achorapo, awe wa Pito au wa kwingineko, aweza kufanya zaidi: aweza kuandika katika ramani yake mahame palipo mahame, malungu palipo malungu, na intumba palipo matuta, hata kama mchezo hautambui maneno hayo wala hauyahesabu. Programu itampa nafasi ya kuandika majina juu ya vilima na mabonde. Nafasi hiyo ni ndogo, lakini ndiyo mahali pekee ndani ya mchezo ambapo lugha yaweza kuisahihisha rada.